Ukuta Uvuliwe Rangi Kabla ya Kuvishwa Vigae

Katika miaka hii ambayo biashara ya mpaka wa Uganda na Kongo imewatia watu wa Bwera shilingi mkononi, na mji wa Kasese nao ukawa unatanuka toka stesheni ya zamani ya reli hadi njia ya Kilembe, hakuna pambo la nyumba lililopata heshima kuliko kigae cha ukutani. Zamani mtu aliyejenga nyumba ya matofali, akaipiga lipu na kuipaka rangi ya kijani au ya buluu, alihesabiwa kuwa amemaliza kazi. Leo mgeni akiingia msalani au jikoni akakuta rangi tupu, mwenye nyumba huona haya na kuanza kueleza, kabla hajaulizwa, kwamba fundi ameahidi kuja mwezi ujao. Vigae ambavyo awali vililetwa kutoka ng'ambo kwa gharama kubwa sasa huchomwa hapa hapa Uganda, huko Kapeeka katika wilaya ya Nakaseke, na katoni zake utaziona zimepangwa hadi dari katika maduka ya vifaa vya ujenzi, baina ya mifuko ya saruji ya Hima na mabati yanayongoja kuvuka daraja la Mpondwe kwenda Kasindi, Beni na Butembo.

Sina neno juu ya pambo lenyewe. Kigae ni kitu safi, huoshwa kwa kitambaa, hakinywi moshi wa jiko wala hakioti ukungu, na mwenye kukipenda hana haja ya kujitetea. Neno langu ni juu ya ukuta ulio nyuma yake. Rai yangu, ambayo najua itawaudhi baadhi ya mafundi na itawaudhi zaidi wenye nyumba, ni kwamba vigae vingi vinavyoanguka katika nyumba zetu haviangushwi na ubovu wa kigae, wala wa gundi, wala, kama wapendavyo kusema wenye maduka, na uhaba wa saruji, bali huangushwa na rangi iliyoachwa ukutani kwa sababu hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekubali kulipia kazi ya kuiondoa.

Mwaka jana nilikaribishwa katika nyumba moja ya Bwera, si mbali na barabara iendayo forodhani, ambayo mwenyewe, mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, alikuwa ameipamba bafu yake kwa vigae vyeupe vyenye maua, na vigae vile, kabla mwaka haujatimia, vilianza kutoka kimoja kimoja, kisha safu nzima usiku mmoja, kwa kishindo kilichowaamsha watoto. Niliokota kigae kimoja nikakigeuza. Mgongoni mwake gundi ilikuwa imeshika barabara, mistari ya mwiko wa meno ikionekana bado kama ilivyopigwa siku ya kazi, na juu ya gundi ile palikuwa na ngozi nyembamba ya rangi ya buluu, laini, isiyo na mkwaruzo hata mmoja, iliyobanduka ukutani nzima nzima. Fundi aliyeitwa kutazama akasema kwa upole, "Mama, hii gundi walikuuzia mbovu, imekwisha muda." Yule mama akakichukua kigae mkononi mwangu, akamwonyesha mgongo wake, akajibu, "Sasa fundi, gundi mbovu ingeweza kung'oa rangi yangu yote namna hii?" Fundi akanyamaza, na kwa hakika hapakuwa na la kusema, kwani ushahidi wote ulikuwa pale: gundi ilitimiza wajibu wake, kigae kilitimiza wajibu wake, na kilichoshindwa ni ile tabaka ya kati ambayo hakuna aliyeifikiria.

Na tuifikirie sasa. Kigae cha ukutani chenye unene wa milimita 8 huwa na uzito wa kilo 15 na zaidi katika kila mita ya mraba, na gundi yake huongeza kilo 3 au 4. Ama fundi akitumia mchanganyiko wa saruji na mchanga wenye unene wa sentimita 2, kama ilivyo desturi ya wengi wa huku, basi mzigo wa mchanganyiko peke yake hukaribia kilo 40 katika mita hiyo hiyo. Bafu ndogo yenye mita 10 za mraba za ukuta, kwa hesabu hii, hutundikwa zaidi ya nusu tani, na nusu tani hiyo yote haishikwi na ukuta, maana ukuta haujaguswa. Inashikwa na rangi, kitu ambacho unene wake haufiki hata nusu ya milimita na ambacho mwenye kiwanda alikitengeneza kijibebe chenyewe na kupendeza macho, basi. Mashine ya kuinua mizigo haitundikwi kwenye msumari wa kalenda, ila kwenye boriti. Lakini kila wiki tunatundika nusu tani kwenye rangi.

Tena si uzito peke yake. Saruji mbichi ina ukali wa namna ya jivu, na yeyote ambaye bibi yake alipika sabuni kwa maji ya jivu na mafuta anaelewa mara moja kitakachotokea saruji ile ikikutana na rangi ya mafuta: mafuta yaliyomo katika rangi hugeuka kidogo kidogo kuwa kitu laini kinachoteleza, na ule ugumu ambao fundi aliusifu siku ya kwanza, akaugonga kwa kidole na kusema kwamba rangi hii ni jiwe, unakuwa hauko tena. Rangi ya maji nayo ina ila yake, kwani maji ya gundi au ya saruji huilainisha tangu saa ya kwanza, ikavimba, na inapokauka tena haishiki ukuta kama ilivyoshika mwanzo. Kwa sababu hiyo vigae vingi havianguki siku ya kazi, wala juma lile, wakati fundi angali yu karibu na simu yake ingali inapokelewa. Huanguka baada ya miezi, ambapo fedha imekwisha kulipwa, na lawama haina pa kwenda isipokuwa dukani.

Kuta zetu hazina rangi ya aina moja, na mwenye kutaka kuziandaa sharti kwanza ajue ana nini mbele yake. Iko chokaa, ile inayochomwa Muhokya, njia ya kwenda Kikorongo, ambayo imepakwa katika nyumba za vijijini na makanisa ya kale na vyoo vya shule tangu enzi za wazee wetu, na ambayo ukipitisha kiganja juu yake hutoka kimejaa unga; juu ya chokaa ya namna hii hakuna gundi duniani itakayoshika, kwa kuwa gundi hukamata unga na unga haujakamata kitu. Iko rangi ya maji, iliyo nyingi zaidi katika nyumba mpya, ambayo baadhi yake ni nzuri na baadhi imezimuliwa kwa maji hadi ikawa haina tofauti na chokaa. Na uko ule mkanda wa rangi ya mafuta, wenye kung'aa, unaopakwa kutoka sakafuni hadi kifuani katika madarasa, zahanati, ofisi na maduka, ili uchafu wa mikono upanguswe kwa urahisi; huo ndio ulio hatari kuliko yote, kwa sababu unaonekana imara na kwa kweli ni imara kwa kazi yake, walakini uso wake hauruhusu kitu kuingia, na gundi isiyoingia mahali hukaa juu tu kwa muda.

Huko Kilembe, katika nyumba za kampuni ya migodi zilizojengwa wakati shaba ilipoanza kuchimbwa na reli ikafika Kasese mwaka 1956, nimeona ukuta ambao mahali ulipobanduka ulionyesha rangi tabaka juu ya tabaka, kijivu chini, krimu juu yake, kisha kijani, kisha nyeupe, kila mpangaji akiwa ameficha ya mwenziwe. Katika kuta za umri huo pana jambo la kuhadhari: rangi za mafuta za zamani aghalabu zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake likisuguliwa kikavu kwa msasa huingia mwilini mwa watoto na kudhuru akili zao, dhara ambalo haliponi. Rangi ya namna hiyo isisuguliwe kavu. Ilowanishwe, ikwanguliwe ingali mbichi, maganda yakusanywe katika mfuko na watoto wapelekwe kwa jirani mpaka sakafu imeoshwa.

Namna ya kuujaribu ukuta haitaki chombo wala elimu ya chuo. Kwangua kwa sarafu ya shilingi mia tano. Rangi ikitoka kwa maganda, imekwisha kujihukumu. Chora kwa kisu mistari michache inayokatana, bandika juu yake utepe wa kunata, uvute kwa ghafla, utazame kilichofuatana nao. Kisha nyunyiza maji kwa mkono: yakijikusanya matone na kuteremka huku ukuta haujabadilika sura, ukuta ule haunywi, na ukuta usiokunywa maji hautakunywa gundi. Mwisho gonga kila mahali kwa kipini cha nyundo, taratibu, sikio karibu, kwani lipu iliyoachana na matofali hulia sauti ya utupu, na hakuna faida ya kuondoa rangi juu ya lipu ambayo yenyewe iko njiani kuanguka. Majaribio haya yote hayafiki nusu saa. Nimewauliza mafundi kadhaa wa Kasese kama wanayajua, na wote wanayajua. Nimewauliza kama wanayafanya, na wakacheka.

Kazi yenyewe huanza kwa kuosha, kwa maji na sabuni kali ya unga, hasa jikoni ambako moshi na mafuta ya kukaangia yameunda ngozi juu ya rangi, kisha kusuuza kwa maji matupu hadi povu liishe, maana sabuni iliyobaki ni adui kama mafuta yaliyoondoka. Rangi ya maji na chokaa hukwanguliwa kwa chuma bapa na brashi ya waya mpaka lipu ya kijivu ionekane. Rangi ya mafuta ikikataa kukwanguka, hapo ndipo tindo na nyundo huingia, na hapo pia ndipo udanganyifu mkubwa hufanyika, kwa kuwa fundi mwenye haraka huupigapiga ukuta vidonda vichache, kimoja hapa na kingine umbali wa mkono mzima, akamwita mwenye nyumba atazame kwamba ukuta umeshachokolewa. Ukuta haujachokolewa. Alama za tindo sharti zikaribiane, isizidi vidole viwili kati ya moja na ya pili, na kila moja ipenye rangi na niru iliyo chini yake hata ifike katika lipu ngumu, mpaka ukitazama kwa mbali ukuta uonekane wa kijivu wenye mabaki ya rangi, wala si wa rangi wenye madoa ya kijivu. Kuondoa yote ni bora zaidi. Sehemu ya lipu iliyolia utupu ivunjwe, ipigwe upya, iachwe wiki mbili au zaidi ipate nguvu, na katika wiki hizo mwenye nyumba asimsumbue fundi kwa simu.

Baadaye vumbi. Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kutoa jasho siku nzima kwa tindo na kisha kubandika kigae juu ya vumbi la tindo lile lile! Ukuta upigwe brashi kutoka juu hadi chini, ufutwe kwa kitambaa kibichi, na ikiwa kazi ni ya saruji na mchanga ulowanishwe vizuri usiku wa kuamkia kazi na tena asubuhi, kwani jua la Kasese, mji ulio bondeni karibu na mstari wa ikweta, hufyonza maji ya saruji kabla haijashika, ikabaki unga wa kijivu unaofanana na saruji kwa rangi tu. Ikiwa kazi ni ya gundi ya mfuko, ipakwe kwanza ile dawa ya kushikiza inayouzwa pamoja na gundi hiyo, na isiwe ile gundi nyeupe ya maseremala, ambayo mafundi wengi huizimua na kuipaka ukutani kwa imani njema kabisa. Gundi ya maseremala hulainika ipatapo maji, na bafu ni nyumba ya maji. Gundi ipakwe sehemu ndogo kwa wakati mmoja, na fundi aiguse kwa kidole kabla ya kubandika: kidole kikitoka kikavu, gundi ile imeshaota ngozi, ikwanguliwe itupwe. Wale wanaobandika kigae kwa madonge matano ya saruji, manne pembeni na moja katikati, sitawajadili hapa; hao wana kosa la kwao peke yao.

Mtu atasema kwamba haya ni mambo ya Wazungu na vitabu vyao. Sivyo. Mafundi wa pwani yetu walitia vyombo vya kauri ukutani karne nyingi kabla ya duka lolote la vigae kufunguliwa Afrika Mashariki, na makaburi ya nguzo ya Mambrui na ya Kunduchi, yaliyopambwa kwa bakuli kutoka Uchina, yangali yanatufundisha. Fundi yule hakubandika bakuli juu ya ukuta uliokwisha kukauka na kupambwa. Aliipa bakuli mahali pake ndani ya chokaa ingali mbichi, chokaa ikaikumbatia pande zote, vikawa kitu kimoja. Bakuli nyingi zimekwisha kuchomolewa na wezi na wapenda vitu vya kale, na palipokuwa na bakuli pamebaki shimo la duara, ishara kwamba ilibidi zitolewe kwa nguvu. Vigae vya Bwera havihitaji mwizi.

Na sisi wa huku tuna sababu za kuwa waangalifu kupita watu wa pwani. Tunaishi chini ya Rwenzori, mahali ambapo ardhi haijatulia: tetemeko la tarehe 20 Machi 1966 liliua watu zaidi ya mia moja katika pande hizi za Toro, na lile la tarehe 5 Februari 1994 lilibomoa nyumba nyingi za Fort Portal na vijiji vyake, na baina ya makubwa hayo hupita mitikisiko midogo ambayo watu huisikia kitandani, wakanong'onezana, wakalala tena. Mtikisiko mdogo hauvunji nyumba. Ila kigae kilichoning'inia kwa rangi hungoja kitu kidogo tu, na kigae kikianguka toka juu ya kichwa cha mtu mzima, pembe yake ikitangulia, kinaweza kumpasua mtoto anayeoga chini yake. Tuna pia mto Nyamwamba, ambao mwaka 2013, na tena 2014, na tena Mei 2020, uliteremka na mawe na magogo ukaingia katika nyumba na hospitali ya Kilembe. Na kuta zilizosimama majini namna ile hubaki na unyevu ndani kwa muda mrefu, rangi ikiufungia usitoke, hata nje paonekane pamekauka. Mwenye kuweka vigae juu ya ukuta wa gharika bila kuuvua rangi na kuupa miezi ya kupumua ameufunga unyevu ule kwa kifuniko cha pili.

Lakini hoja iliyonisukuma kushika kalamu ni ya hospitali na zahanati. Juni 2019, mtoto wa miaka mitano aliyevuka kutoka Kongo pamoja na aila yake alilazwa Bwera akiwa na homa ya Ebola, akafa huko, na kwa majuma kadhaa jina la mji wetu lilitajwa duniani kote. Waliofanya kazi wakati ule wanakumbuka harufu ya klorini: ya asilimia 0.05 kwa mikono, na ya asilimia 0.5 kwa sakafu, vitanda na kuta. Ndiyo sababu kila kamati ya afya tangu hapo inataka vigae, na ina haki, kwa kuwa ukuta wa vigae huoshwa na dawa kali bila kuharibika. Basi fikiria ukuta wa chumba cha kujifungulia ambao vigae vyake vimewekwa juu ya mkanda wa rangi ya mafuta, vikaanza kuachana na ukuta bila kuanguka bado: nyuma yake pana uwazi, maji ya kuoshea huingia uwazini humo na kila kilichomo ndani ya maji, damu na usaha na uchafu, na humo dawa haifiki, wala jicho, wala brashi. Ukuta wa rangi tupu ungekuwa salama zaidi, kwani uchafu wake ungeonekana. Nimekiona chumba cha namna hii katika kituo kimoja cha afya nisichokitaja, na muuguzi aliyenionyesha aligonga kigae kwa ukucha, kikalia, akasema tu, "Sikiliza, mzee," akaendelea na kazi yake.

Sasa tuje kwenye ujira, maana ndiko mzizi uliko. Fundi wa vigae, awe wa Kasese, wa Bwera au aliyevuka kutoka Butembo, hulipwa kwa mita ya mraba ya kigae kilichobandikwa. Kigae kinahesabika, mwenye nyumba husimama mlangoni na kuhesabu safu. Siku mbili za tindo, za mikono iliyochubuka na macho yaliyojaa vumbi, hazina mita wala safu, na zikiisha ukuta unakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa, hivyo kwamba mwenye nyumba akiutazama huona ameharibiwa nyumba, tena anaombwa fedha. Fundi mwaminifu anayetaja bei ya kuondoa rangi hupoteza kazi kwa jirani yake anayesema, "Mzee, hii haina shida, taili itashika tu," na baada ya kupoteza kazi namna hiyo mara kadhaa, huyo mwaminifu naye hujifunza kusema vivyo hivyo. Simtetei. Nasema tu kwamba soko letu limemwadhibu kwa ukweli wake, na tukishamwadhibu mtu kwa ukweli hatuna haki ya kushangaa tunapouziwa uongo.

Wako watakaopinga kwamba siku hizi zimetoka gundi na dawa za kupaka zinazoshika hata juu ya rangi ya mafuta, na kwamba kuvunjavunja kuta ni ushamba. Dawa hizo zipo, na hazidanganyi katika ahadi yao: zinashika rangi. Lakini rangi imeshikwa na nini? Kama rangi yenyewe ni moja, imara, imepakwa juu ya lipu nzuri, ikafaulu majaribio niliyoyataja, ikasuguliwa mng'ao wake wote na kuoshwa, nakubali kwamba mtu anaweza kuweka vigae vidogo vyepesi mahali pakavu, tuseme nyuma ya meza ya jikoni, akalala usingizi. Bafu sikubali, wala zahanati, wala ukuta wa Kilembe wenye rangi nne. Wengine watasema kwamba maskini hana uwezo wa gharama hii ya ziada, na kwa hao jibu langu ni fupi: mwenye fedha ya vigae asiyekuwa na fedha ya tindo hana fedha ya vigae, na rangi nzuri iliyopakwa upya kila baada ya miaka michache si fedheha kwa mtu yeyote.

Njia ya kutoka ni nyepesi, nayo ni kuzitenga kazi mbili zilizochanganywa. Bei ya kuandaa ukuta itajwe peke yake na ilipwe peke yake, kwa siku au kwa mapatano, kabla ya kigae cha kwanza kubandikwa. Fundi asiwe na sababu ya kuikimbia kazi hiyo, na mwenye nyumba asiwe na njia ya kuipata bure. Akiimaliza, mwenye nyumba aje na sarafu yake na kikombe cha maji, aujaribu ukuta mahali popote apendapo, na kama hakuridhika fundi arudie kwa gharama yake, kwa sababu sasa amelipwa kwa kazi hiyo na anadaiwa. Mafundi ninaowajua wangeyapokea mapatano haya kwa furaha, kwa maana yanawapa siku mbili za ujira ambazo leo hawana.

Kwa hiyo ninawaomba wahandisi wa wilaya ya Kasese na wa halmashauri ya mji wa Mpondwe-Lhubiriha, pamoja na kamati za shule na za vituo vya afya, waandike katika kila mkataba wa vigae sharti moja ambalo halina gharama ya kuandika: kwamba kuondoa rangi ni kazi yenye bei yake, na kwamba hakuna kigae kitakachobandikwa kabla ya ukuta uliovuliwa kukaguliwa na mkaguzi kutia saini yake na tarehe. Na wenye nyumba wasingoje serikali. Wakishanunua katoni zao wazifungie stoo, na ufunguo wa stoo ubaki mfukoni mwao mpaka wameuona ukuta wao ukiwa wa kijivu.